Raba za Wasichana Wawili

Binti yangu alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa gredi ya sita, katika shule iliyo karibu na nyumba tunayopanga mtaani Migosi, Kisumu. Kiwanja chao ni cha simiti. Kiliwahi kupakwa rangi ya kijani, lakini wakati wa kiangazi vumbi hukilalia mpaka rangi haionekani. Muhula wa kwanza alicheza na viatu vyake vyeusi vya shule. Siku moja alijaribu kusimama ghafla, akateleza, na kifundo cha mguu kikavimba. Alikuja nyumbani akichechemea, begi lake limebebwa na mchezaji mwenzake, msichana mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amevaa patipati.

Mwalimu wao wa michezo, mwanamke aliyekuwa mchezaji zamani, aliniita shuleni.

“Baba, mtoto anacheza vizuri,” aliniambia, “lakini hivi viatu vitamvunja mguu. Mtafutie raba.”

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni fundi wa majokofu na sijui raba ya mpira wa kikapu inatofautianaje na raba ya kukimbia. Akavua moja yake, akaikunja mbele yangu. Nzuri hukunjika penye vidole, akasema. Inayokunjika katikati kama chapati, iache. Soli iwe pana, ikae chini vizuri, maana mchezo huu ni wa kuruka na kugeuka upande. Nimpeleke mtoto mchana, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na avae soksi zile zile za kuchezea.

“Halafu kumbuka raba nyingi huko ni za wavulana,” akaongeza. “Kisigino cha msichana ni chembamba. Atembee, uangalie kama kinatoka.”

Kifundo kilipopona, tulikwenda soko la Kibuye Jumapili baada ya kanisa, mimi na yeye. Mke wangu alikuwa na zamu hospitalini. Upande wa viatu vya mitumba, muuzaji mmoja alikuwa amepanga raba juu ya gunia, zimesuguliwa kwa mswaki na sabuni hadi zinang'aa. Nikaanza kuzikunja moja moja kama nilivyofundishwa, na kuziminya soli kwa kidole gumba.

“Mzee, unaminya kama nyanya!” muuzaji akalalamika.

Lakini moja ilibonyea na kumwaga unga. Raba ikikaa miaka mingi bila kuvaliwa, sponji ya ndani huoza wakati nje bado inapendeza. Muuzaji aliichukua akaiweka nyuma yake.

Binti yangu alikuwa ameshaona anazotaka. Zilikuwa nyeupe zenye mistari ya zambarau, shingo ndefu, soli nzima. Nikamwambia avae, nikabonyeza mbele. Mbele ya kidole kikubwa pangeingia vidole vyangu viwili. Mwalimu alikuwa ameniambia upana wa kidole gumba kimoja unatosha.

“Tembea.”

Akatembea. Kisigino kikapanda na kushuka ndani ya kiatu.

“Hizi ni kubwa. Jaribu zile za bluu.”

Za bluu zilimkaa kama zimeshonwa kwa ajili yake. Hata hakuziangalia.

“Hizi, Baba. Nitavaa soksi mbili.”

“Utapata malengelenge.”

“Nitakua. Tafadhali.”

Si mtoto wa kung'ang'ania vitu. Ukimwambia hapana, huwa anakubali na kuendelea na shughuli zake. Siku ile alisimama pale na raba za zambarau kifuani, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mama yake ni mrefu, nikawaza, huenda kweli mguu utafika. Nikanunua.

Alizitunza kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Nilimwonyesha niliyoambiwa na mwalimu, na mengine tukayagundua wenyewe. Hazikutembezwa barabarani. Alizibeba kwenye mfuko wa kitambaa na kuzivaa akifika kiwanjani, kwa sababu kokoto za njia hula soli, na soli ikilika haishiki tena. Kabla ya kucheza alifuta soli kwa kitambaa kibichi ili kutoa vumbi. Akirudi alifungua kamba zote, akatoa kile kitandiko cha ndani na kukianika peke yake, kisha akajaza magazeti ndani ya raba na kuziweka kivulini nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza alitaka kuzianika kwenye mabati, juani. Nikamkataza. Jua la Kisumu linalegeza gundi, halafu unashtukia soli imefungua mdomo.

Hata hivyo kuna jambo halikunielea. Raba zilirudi zimelowa jasho kupita kiasi, mpaka magazeti ya kwanza yakalazimika kubadilishwa. Na siku moja nilipokigeuza kitandiko kilichoanikwa, niliona alama za vidole za aina mbili. Kulikuwa na vidole vifupi, ambavyo nilivijua, na mbele yake vingine virefu, vimeingia ndani zaidi. Nilidhani mguu umeanza kukua. Nikaupima. Haukuwa umekua.

Nilipata jibu Sondu. Timu yao ilialikwa kucheza na shule moja ya huko, na mimi nilikuwa na jokofu la kutengeneza katika duka la nyama mjini pale, kwa hiyo nikamaliza mapema nikaenda kutazama. Binti yangu alianza mchezo. Anacheza nafasi ya kupeleka mpira, ni mwepesi, lakini niliona kila akigeuka kiatu kinachelewa nyuma ya mguu. Mara refa akapuliza, mwalimu akaita mabadiliko. Binti yangu akakimbia pembeni, akaketi chini na kuanza kufungua kamba kwa haraka. Yule msichana mrefu alikuwa anamngoja, amevaa soksi tu. Akapokea raba moja, akaivaa, akapokea ya pili. Mmoja alifunga kamba za kulia, mwenzake za kushoto, kisha yule mrefu akaingia kiwanjani. Ilikuwa wazi hawakuanza kufanya hivyo siku ile.

Yule msichana alikuwa hatari. Aliruka akanyakua kila mpira uliogonga ubao. Binti yangu alikaa kwenye benchi na soksi, akipiga kelele kuliko watu wote.

Karibu na mwisho mwalimu aliwahitaji wote wawili kwa pamoja. Nilimwona akiinama kuongea nao, na binti yangu akitikisa kichwa, akionyesha mwenzake. Hakurudi tena kiwanjani. Walishinda, kwa shida.

Baadaye tulikaa kwenye kibanda kimoja tukanywa chai, mimi na yeye. Nilikuwa na hasira, na wakati huo huo nilitaka kumkumbatia, kwa hiyo nikaanza na hasira.

“Kwa nini hukuniambia?”

Akapuliza chai yake. “Ungesema ninunue zinazonitosha.”

“Ndiyo, ningesema hivyo.”

“Basi zingenitosha mimi peke yangu.”

Akavua soksi akanionyesha. Malengelenge yalikuwa yamepasuka kisiginoni, pande zote mbili. Nilimuuliza kama yanauma. Akasema si sana, wakati anacheza.

Msichana yule aliishi na nyanya yake, mwanamke anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika chumba kimoja si mbali na kwetu. Jioni iliyofuata nilikwenda na binti yangu. Nyanya alikuwa ameketi mlangoni akipepeta omena kwenye ungo. Alitukaribisha, akatuletea viti. Nikamweleza kwamba ningependa kumpeleka mjukuu wake Kibuye nimtafutie raba zake.

Hakuacha kupepeta.

“Ero kamano, baba,” alinishukuru. “Lakini hapana.”

“Mama, si deni. Ni mchezo wa watoto tu.”

“Nimesikia. Msichana wangu anakuwa mrefu, watu wanamwona. Kesho atapita hapa na viatu vipya, wataniuliza nani amenunua. Niseme nini? Baba ya fulani?” Aliinua macho. “Mimi najua wewe ni mtu mzuri. Lakini najua pia midomo ya hapa.”

Nilihisi uso ukipata moto. Wazo hilo halikuwa limepita kichwani mwangu hata kidogo, na lilikuwa limepita kichwani mwake kabla sijakaa kwenye kiti. Yule msichana mrefu alikuwa amesimama ndani, nyuma ya pazia, na nyayo zake ndizo tu zilizoonekana chini, kubwa na tulivu.

Binti yangu ndiye aliyesema. Aliuchukua mfuko wa kitambaa, akauweka karibu na ungo.

“Dani,” alisema, maana wote wawili humwita hivyo, yaani nyanya kwa Dholuo, “hizi ni zangu. Zimenishinda, ni kubwa. Yeye zinamtosha.”

“Ni zako?”

“Ni zangu.”

“Na wewe utavaa nini?”

“Baba atanitafutia ndogo.”

Nyanya alinitazama, nami nikaitika. Akaifuta mikono yake kwenye leso, akatoa raba moja, akaingiza mkono hadi ndani kabisa. Akaigeuza, akanusa, akakunja uso.

“Na zinanuka,” alisema. “Njoo huku, wewe. Zivae nikuone.”

Pazia likafunguka.

Safari ya pili ya Kibuye tulikwenda sote, nyanya na mke wangu pia. Zile za bluu zilikuwa zimeuzwa. Tulizunguka sana. Mwishowe tukapata nyeusi, za kike kabisa, kisigino chembamba, na binti yangu akatembea, akaruka, akageuka, na kiatu kikageuka naye. Aliangua kicheko cha mshangao. Nadhani alikuwa amesahau kiatu kinachotosha kinakuwaje. Nyanya naye akaingia kwenye bei kwa Dholuo, na muuzaji aliyekuwa anacheka mwanzoni akaacha kucheka.

Jumamosi wasichana hao sasa huziosha pamoja nyuma ya nyumba yetu, kwa mswaki na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, huku wakibishana juu ya nani alikosa mpira gani. Siwaingilii. Mara moja tu nililazimika kwenda kuokoa jozi zote mbili kutoka kwenye beseni walimokuwa wameziloweka na kuzisahau.

Mechi ya nyumbani iliyofuata, nyanya alikuja. Alileta kigoda chake mwenyewe, akaketi karibu nami ukingoni mwa kiwanja, akatazama kwa muda mrefu.

“Mbona wanadundadunda hivyo?” akauliza hatimaye. “Si wangeushika wakimbie nao?”

Nikamweleza kwamba hairuhusiwi. Alifikiri kidogo, akasema hiyo si sheria nzuri. Kisha mjukuu wake akaruka juu ya wenzake wote, akaudaka kwa mikono miwili mpira uliokuwa umeshapita kwenye wavu, na nyanya akasimama, akapiga kigelegele, bila kujua kwamba timu nyingine ndiyo iliyokuwa imetoka kufunga.