Mti Uliokaa Eda

Mume wangu Ousséni alikuwa akila udongo. Nalisema mapema ili asije mtu akadai nimeficha. Mwanamke mwenye mimba akila udongo watu huelewa, lakini mwanamume mzima mwenye ndevu akichota udongo kwenye chungu cha watu, akautia ulimini na kufumba macho kama anayeonja mchuzi, majirani husogeza viti vyao. Mimi nilikuwa nimeshaolewa naye. Sikuwa na pa kusogea.

Alizaliwa kisiwani Nosy Be na akakulia kwenye mashamba ya mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato. Alipohamia huku Mahajanga, pwani ya Madagaska, miaka michache baada ya ile vita ya kwanza ya Wazungu, akapata kazi ya bustani kwa Mfaransa mmoja wa serikali, akijua ugonjwa wa mti kwa kuonja udongo wake. Mke wa Mfaransa huyo alikuja na mti wa pambo, wa jamii ya mitende, alioununua dukani huko Paris na kuusafirisha mwezi mzima ndani ya sanduku la kioo. Ulikufa wiki ya pili. Ousséni akazunguka nyuma ya jiko, kwenye mtaro wa maji machafu, ambako miti ileile imejiotea tangu enzi bila kuombwa na mtu. Akang'oa mmoja, akaupanda katika chungu kilekile. Kwa miaka sita yule bibi aliwaonyesha wageni wake jinsi mti wa Ulaya unavyoivumilia nchi hii ngumu, na Ousséni akasimama nyuma na kopo la maji, uso mkavu. Nilimwuliza kama hiyo si dhambi. Akaniambia mti umerudi kwao, sasa aliyedhulumiwa ni nani?

Basi huyo ndiye mtu niliyemwita siku ile kwa ajili ya Chamsia.

Chamsia alikuwa jirani yetu hapa mtaani Mahabibo, mke wa Bacar, mpishi katika meli ya posta iliyokwenda Nosy Be na kurudi. Safari moja Bacar alirudi na mti ndani ya bati la mafuta: shina nene, majani mapana yenye madoa meupe. Jina lake hakulijua, kwa hiyo akamwita Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa kiti barazani. Kila asubuhi akiwa nyumbani, Bacar alimfuta majani kwa kitambaa, moja moja, akimsemesha. Chamsia alivumilia miaka miwili. Mwisho, asubuhi ya safari, akamwambia mumewe, "Hilo jani unalisalimu kabla yangu." Bacar akachukua mfuko wake, akaenda melini bila kuaga.

Hakurudi. Mashua iliyokuwa ikiwashusha watu kutoka melini kwenda Hell-Ville, mji wa Nosy Be, ilipinduka, upande unaotazama kisiwa cha Nosy Komba. Wenzake waliogelea. Bacar alikuwa baharia kwa miaka kumi na mitano, na hakujua kuogelea. Walimwona akizama, na maiti yake haikupatikana.

Chamsia akaingia eda, miezi minne na siku kumi, chumba cha ndani, dirisha limefungwa. Msimamizi alikuwa mama mkwe wake, Bibi Kouraichia, aliyewafundisha wasichana wote wa mtaa Kurani na hukumu za dini, nami nikiwemo. Nyumbani tulisema Kikomoro kilichochanganyika na Kimalagasi. Kiswahili cha zamani yeye alikitoa kwa mambo mawili tu, dini na kukemea. Siku ya tatu ya msiba alitoka barazani akamkuta Mgeni amekaa kitini pake, majani yanang'aa, wapita njia wanamsifu.

"Mwenye nyumba kafa," akasema, "huyu anajipamba?"

Mgeni akachukuliwa, akatiwa ndani pamoja na Chamsia, nyuma ya pazia, akae eda. Kufutwa majani kukapigwa marufuku, kwa kuwa ni kujipamba. Nasi wanawake tuliokuja kumpa pole Chamsia, tukishamaliza kumliwaza yeye kwa maneno, tulimliwaza Mgeni kwa maji. Siku moja nilihesabu vikombe kumi na kimoja, na kimoja kilikuwa changu.

Mwezi wa pili Mgeni akaanza kuwa manjano. Hapo Bibi Kouraichia akatoa hukumu mbele ya watu: mwanawe aliondoka bila kuwa radhi na mkewe, na ishara ni hii. Mti ukikauka kabla ya eda kwisha, basi imeshajulikana.

Chamsia akamwamini, akaacha kula. Asubuhi alionja uji vijiko viwili, kutwa nzima hakutia kitu kinywani. Mkono wake ulikuwa mwembamba hata bangili aliyoivua kwa ajili ya eda ingepanda mpaka kiwikoni. "Mgeni akifa, dada Zalifa," aliniambia, "akhera nitakutana na Bacar kwa uso gani?" Niliogopa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba Fatouma, miaka yote umewalia Wafaransa udongo. Leo mlie udongo na jirani yako."

Tatizo ni kwamba asingeweza kumwona mgonjwa wake. Chumba kilikuwa na mjane, na mwanamume haingii. Basi Ousséni akaketi sebuleni, akalielekea pazia. Mimi nikaingia ndani niwe macho yake, na Bibi Kouraichia akasimama mlangoni kama askari wa forodha.

"Majani ya chini yana rangi gani?" akauliza Ousséni.

"Manjano."

"Makavu, au laini?"

"Laini. Yanateleza."

"Maji yamezidi. Nani anammwagilia?"

"Mtaa mzima," nikasema.

"Shina limesimama?"

"Limeinama. Limerefuka kuelekea kwenye ufa wa dirisha, jembamba juu."

"Anatafuta mwanga, maskini. Pitisha kidole juu ya jani. Kimetoka na nini?"

"Vumbi."

"Hakuna kujipamba humu," akasema Bibi Kouraichia.

"Ncha za majani?"

"Zimeungua. Kahawia, zinakatika."

Hapo Ousséni akasogea karibu na pazia. "Na udongo, juu yake kuna kitu?"

"Kuna kitu cheupe, kigumu, kama unga uliokauka."

"Nipe."

Nikachota, nikapitisha kisahani chini ya pazia. Nilimsikia akiutafuna. Nilimwomba Mungu asiteme mbele ya mwalimu wangu.

"Chumvi," akasema.

"Ni machozi ya huyu," Bibi Kouraichia akasema upesi. "Anamlilia mumewe juu yake kutwa."

Ousséni akalifikiria jambo lile kwa heshima yote. "Mama, kwa chumvi hii Chamsia angekuwa amelia ndoo nne. Angekauka yeye kabla ya mti." Kisha akasema Mgeni atolewe nje leo hii, kivulini, penye hewa, la sivyo hafiki Ijumaa.

"Hatoki. Amebakiza miezi miwili na siku tatu."

"Mama, eda hukaliwa na nani?"

"Na mke aliyefiwa."

"Basi Mgeni ni mke?"

Nilitarajia Bibi Kouraichia arudi nyuma. Hamumjui. Alikuwa mtu wa kuingia kisimani kuliko kukiri kwamba njia aliyoshika siyo. "Mwanangu alimwosha kwa mikono yake," akasema. "Alimsemesha, akamwekea kiti. Wewe ungemwita nani? Basi ni mke."

"Ndoa aliifungisha nani?"

"Usinitanie, Ousséni!" Hilo lilitoka kwa Kiswahili. Pembeni yangu Chamsia alivuta makamasi, au alicheka, sikuweza kupambanua.

"Sikutanii, Mama. Mimi si mwanachuoni, wewe ndiye uliyemfundisha mke wangu. Nauliza tu. Mke akifiwa naye ni mjamzito, eda yake huisha lini?"

Mwalimu wa kweli hawezi kuliacha swali lipite. Bibi Kouraichia akajibu kabla hajaangalia anakokwenda: "Akijifungua. Siku hiyohiyo, hata kama mume bado hajazi..." Hakulimaliza. Nilidhani ameshauona mtego.

"Zalifa," akasema mume wangu, "mti ukiona kifo huchipuza. Tazama chini ya shina."

Nikapiga magoti. Pale shina linapoingia udongoni palikuwa na kichipukizi, urefu wa kidole cha mwisho, kimejikunja, kijani kibichi.

"Kipo."

"Tangu lini?"

Chamsia akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Wiki mbili."

"Alhamdulillahi," akasema Ousséni. "Amejifungua."

Bibi Kouraichia alikuja, akakiinamia kile kichipukizi. Sheria ni sheria, na ni yeye aliyeisoma. Kisha akauliza, naapa hakuwa akitania, "Wa kiume au wa kike?"

"Bado mapema kujua, Mama."

Mgeni akatolewa. Ousséni alimlaza barazani juu ya gunia, akamvua bati. Bati halikuwa na tundu hata moja, maji yote ya huruma zetu yalikuwa yamekaa humo. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, inanuka kamba waliokosa mnunuzi. Aliikata kwa kisu chake, akabakiza myeupe. Aliisuuza mara tatu kwa maji baridi ya kisima, akakata majani ya manjano, akayafuta yale mazima. Akampanda katika chungu chenye tundu chini, kwa mchanga wa mtoni na majani yaliyooza, mama na mtoto pamoja. Akatuambia mtu asimmwagilie mpaka atie kidole udongoni, na kidole kitoke kikavu.

"Lakini chumvi ikirudi, dawa sina," akasema. Aliuliza kwa upole, bila kumwangalia mtu. "Nani anamtilia?"

Bibi Kouraichia akaingia chumbani kwake. Alipotoka alikuwa na chupa ndani ya shiromani yake, ile shuka ya kujitanda, chupa ya dawa ya kikohozi, na ndani mna maji. Kwa kila meli ya posta, ndugu yake wa Nosy Be aliteka maji ya bahari pale mashua ilipopinduka, akamletea.

"Kaburi sina," akasema. "Ijumaa wenzangu wanakwenda kuwamwagia maji watoto wao. Mimi niende wapi? Nikasema, maji haya yana mwanangu, na mti huu aliuleta yeye. Nikivikutanisha, patakuwa mahali."

Ousséni alikuwa bado ameshika kisu.

"Nilijua," akaendelea. "Ijumaa ya tatu niliona ncha zimeungua, nikajua ni mimi. Sikuweza kuacha. Na kusema pia sikuweza."

Nilimhurumia, Mungu ni shahidi. Lakini hasira zilinipanda kuliko huruma. Mume wangu akanitazama ninyamaze, nami sikunyamaza. "Na huyu mtoto wa watu uliyemwambia mumewe hakuwa radhi naye? Amekwisha mifupa, Bibi. Ulikuwa unamwona."

Sikuwahi kumsemesha hivyo mwalimu wangu, wala yeye hakunikemea. Aliingia sebuleni, akaketi sakafuni, uso kwenye pazia.

"Chamsia. Bacar alikuwa na hasira za asubuhi tangu mdogo. Alinigombeza kwa uji, alimgombeza kuku. Ikifika adhuhuri hakumbuki. Alikaa siku tisa melini kabla ya mashua ile. Hizo ni adhuhuri ngapi?"

Akaligusa pazia kwa kiganja.

"Jibu, mwanangu. Ngapi?"

"Tisa, Mama," akasema Chamsia.

"Basi."

Tulimsikia Chamsia akilia, sauti ambayo hakuitoa hata siku ya msiba. Ilipotulia akauliza kama kuna wali wowote uliobaki. Nilitaka kuinuka, lakini Bibi Kouraichia alishatangulia jikoni. Alileta wali na samaki, akaingia nyuma ya pazia. Chamsia alikula sahani mbili huku akilia, na mkwewe amekaa karibu naye akimtolea miiba kwa vidole.