Mkato wa Sikio

Miaka ile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa tena na sabuni ikawa haipangiwi foleni, mimi nilikuwa chuoni nikisomea kome, wale viumbe wa majini wenye magamba mawili. Ndiyo, kome, mimi mtoto wa nchi kame kama yetu. Baba alicheka mpaka akakohoa aliponiona nimerudi likizo na chupa za kome wa bwawani niliowaloweka kwenye spiriti.

Baba alikuwa mfugaji, na Mungu alimjalia mabinti watupu. Shangazi zetu hawakuchoka kumkumbusha kwamba boma lake litafutika. Neno hilo lilimkaa rohoni. Kwa hiyo jioni moja, tukikamua, aliponiuliza ninatafuta nini hasa ndani ya kome, nilisita.

Nilimweleza kwamba ndani ya seli zetu mna vitu vidogo vinavyotupa nguvu, mitokondria, vyenye vinasaba vyake vyenyewe, na kwa watu na ng'ombe mtoto huvirithi kwa mama tu. Tukivilinganisha, tunachora ukoo wa viumbe tangu kale. Baba akasema kumbe soko huria limeingia mpaka kwenye koo za watu, sasa hata ukoo unakwenda kwa wanawake. Alitania, ila mikono yake ilikuwa imesimama kwenye kiwele.

Nikaharakisha kumpa habari niliyodhani ingemfariji: kwa baadhi ya kome, baba naye hurithisha mitokondria zake. Ndiyo maana tukichora ukoo wao, madume hukaa tawi moja na madume wa aina nyingine, mbali na dada zao, kama wanaume wetu wanavyokula uani na wanawake jikoni.

"Humrithisha nani?" aliuliza.

"Wa kiume."

"Na binti?"

"Binti hapewi, baba."

Akaendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. Nilitamani kulia.

Asubuhi aliniita zizini. Alikuwa amemshika ndama jike mwekundu. Kwetu kila ukoo una mkato wake wa masikio ya ng'ombe, na anayekatiwa ndama kwa jina lake ni mtoto wa kiume. Baba alimkata sikio taratibu, mkato wa ukoo wetu, akanikabidhi kamba.

"Huyu wako. Mimi si kome."

Baba hayupo tena, na ninamkumbuka mno, yeye na vumbi la zizi lake na harufu ya maziwa. Wadogo zangu wananitunzia uzao wa ndama yule, na kila anayezaliwa anakatwa vilevile. Ukimpima mmoja wao kwa utaalamu wangu, utafika kwa mama yake, na mama wa mama yake. Ukimshika sikio, utamkuta baba yangu.