Masikio Aliyoyatengeneza Bibi

Nimeshika vichwa vya watu tangu nikiwa msichana. Nina saluni hapa Singida Mjini, na ukinifunga macho ukaniletea kichwa nitakwambia kama mwenyewe anatumia dawa ya nywele, kama anasukwa kwa kuvutwa mno, na kama ni mtu wa kulala bila kuvaa kitambaa. Lakini kichwa cha mama yangu mzazi sikuwahi kukishika. Alikuwa anafunga kitambaa kabla hatujaamka na usiku alilala nacho. Sababu tuliijua sote nyumbani, ila hakuna aliyethubutu kuitaja. Ni masikio.

Mama alizaliwa kijijini, Mtinko. Alipokuwa binti mdogo, mama yake alimtoboa masikio na kuzipanua ndewe kwa vijiti, kijiti chembamba kwanza, baadaye kinene, baadaye kinene zaidi, mpaka nyama ikaning'inia karibu na taya. Kwa wasichana wa rika lake huo ndio ulikuwa urembo wenyewe, na aliyekuwa na ndewe fupi alionekana hana mtu wa kumtunza. Kisha akaolewa, akaanza kuja mjini kuuza alizeti, na huko mjini watoto wakawa wanamfuata nyuma wakicheka. Siku moja akafunga kitambaa. Mimi nilikuwa sijazaliwa bado.

Magoti yalipoanza kumsumbua nikamleta kwangu. Mchana alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa saluni akichambua maharage na kusikiliza umbea wa wateja, huku akijifanya hasikii. Ndipo siku moja akaja mteja ambaye sikio lake lilikuwa limewahi kuchanwa na hereni nzito, likashonwa hospitali na kupona. Nilikuwa nalisifia kwa sauti, maana mimi nikiona kazi nzuri siwezi kunyamaza. Mama akaweka ungo chini, akasimama, akaja. Yule dada akamwamkia, mama akaitikia marahaba harakaharaka na moja kwa moja akalishika lile sikio kwa vidole viwili.

"Hili lilikuwa limechanika?"

"Kabisa, mama. Lilikuwa vipande viwili."

Jioni, katikati ya ugali, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Na mimi nataka nishonwe. Wakishamaliza, unisuke ule msuko wa twende kilioni. Kichwa wazi, kama watu wengine."

Nililirudisha tonge kwenye sahani. Mwanamke yule alikuwa na wajukuu wanaonyoa ndevu.

Aliyepinga alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye mpaka leo anaishi Mtinko na masikio yake ameyaacha nje na shanga zake, na akichekwa anacheka yeye zaidi. Alikuja mwenyewe. Alisema yale masikio ni kazi ya mama yao, na mtu hakati kazi ya mama yake bila kumuuliza, na kwa kuwa mama yao hayupo wa kuulizwa, atajibu kwa njia yake. "Nyama itaota," alisema. "Utashonwa na itaota juu."

Sasa hilo halikuwa neno la kupuuza, kwa sababu nyama yetu huota kweli. Mimi nina kovu la chanjo begani lililovimba likawa kubwa kama punje ya haragwe, na dada yangu ana lingine kifuani. Tulipomwona daktari, naye aliangalia bega langu akatikisa kichwa. Alisema watu wa ngozi kama yetu kovu linaweza kuinuka, kwamba yeye atashona vizuri lakini mengi yatategemea tutakavyolitunza nyumbani. Mama alinigeukia.

"Umesikia? Yeye na mdogo wangu wanasema kitu kimoja."

"Hawasemi kitu kimoja, mama."

"Basi tutaona. Nyama ikiota, nitajua mama yangu amekataa. Nitafunga kitambaa changu na sitamsumbua mtu tena."

Nilimjua. Akisema hivyo amemaliza. Kwa hiyo siku ile alipotoka kwenye chumba cha upasuaji na bandeji mbili nyeupe, akitembea taratibu kama amebeba mtungi, nilielewa kuwa kitambaa chake kiko mikononi mwangu. Mkononi alikuwa na kichupa. Alikuwa amewaomba vile vipande vya nyama vilivyokatwa, na wao wakampa, vimefungwa kwenye shashi. "Ni vyangu," aliniambia kabla sijauliza.

Kesho yake asubuhi nikafungua bandeji. Naomba mnielewe: nimeona vichwa vya kila aina, sishangazwi na kichwa. Lakini nilipoondoa kanga aliyojifunika kichwani nikasimama na pamba mkononi kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, laini kama pamba isiyochambuliwa, nyingi kuliko zangu. Na ngozi ya nyuma ya masikio, ambayo haikuwa imeona jua miaka yote hiyo, ilikuwa ngozi ya mtoto. Mwanamke aliyelima mtama maisha yake yote, mikono imekakamaa kama mpini, na alikuwa amebeba ngozi ya mtoto chini ya kitambaa. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga magoti. Mama akasema, "Unafanya kazi au unaangalia?"

Hapo ndipo nilipogundua kuwa sijui kushika kichwa polepole. Mkono wa saluni ni mkono wa haraka. Unavuta, unabana, unasugua, na mteja akilalamika unamwambia avumilie urembo. Ilibidi nijifunze upya. Nilichemsha maji na kuyaacha yapoe, nikagusa nyuzi kwa pamba iliyoloa, nikizigusa tu bila kusugua, kisha nikapaka dawa ya daktari kidogo sana. Kichwa nilikiosha kando, kwa siku nyingine, amelala chali shingo ikiwa ukingoni mwa kitanda, sabuni laini, maji yakienda nyuma yasifike kwenye mshono. Mafuta ya nywele niliyaondoa kabisa, maana mafuta yana tabia ya kushuka yanakotaka. Vumbi la Singida mnalijua. Upepo ukianza, nilimfunika kwa kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa kama hewa, imelegezwa, haijafungwa popote. Usiku alilala chali na mito huku na huku kama mtoto mchanga, akinilaumu.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuwazuia wanaompenda. Watu walikuja kumpa pole, na huku kwetu mtu haji mikono mitupu. Mmoja akaja na asali ya Itigi, mwingine samli, jirani akaja na mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa jana yake, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba chake ndicho kinachoponya. Jirani alikuwa ameshachovya kidole. Nilimwambia kidole hicho akirudishe alikokitoa, na asali tukainywea chai. Walioudhika waliudhika. Sikuwa na nafasi ya adabu.

Asubuhi moja nikiwa nagusa sikio la kulia, mama aliyekuwa amefumba macho akasema, "Unafanya kama yeye."

"Nani?"

"Mama."

Akaanza kunisimulia, kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia mawazo yake yakiwa mbali sana. Alipotobolewa, mama yake hakumgusa kwa kidole hata siku moja. Alipaka samli kwa unyoya wa kuku, kidogo sana, na akamaliza kwa kupuliza. Alilala ubavuni mwake ili akitaka kugeuka amzuie. Hakumruhusu kubeba maji wala kuni, na shangazi zake walipokuja na dawa zao aliwafukuza kwa maneno ambayo mama alikataa kuniambia hata sasa. "Alikuwa mkali kama wewe," alisema. "Nilimchukia kipindi kile. Nilidhani ananinyima shangazi zangu."

Bibi yangu alifariki kabla sijazaliwa. Sijui sura yake, hana hata picha. Na nilikuwa nimekaa pale, pamba mkononi, napuliza. Sikujua kwamba napuliza mpaka mama alipotaja. Hakuna aliyenifundisha, na daktari hakuniambia nipulize. Kwa kweli angenikataza. Mtu nisiyemjua alikaa hivi hivi kufungua lile sikio, na mimi nimekaa kulifunga, na mikono ilikuwa ileile. Nilisitisha kupuliza, lakini nilichelewa kidogo kuinua uso.

Nyuzi zikatolewa. Baada ya hapo kazi ilikuwa kupaka mafuta ya mgando na kulikanda kovu kwa ncha ya kidole, polepole, asubuhi na jioni, na kusubiri. Sikio la kulia lilitulia vizuri, likabaki na mstari mwembamba kama mkunjo wa shuka. La kushoto nalo lilikuwa linatulia. Kisha asubuhi moja kidole changu kikapita juu ya kitu kigumu, kidogo, kama punje ya mtama. Nikapita tena. Kilikuwepo. Nikaendelea kukanda na kuzungumza habari za bei ya nyanya.

"Na wewe umekiona," mama alisema. "Mimi nina siku kadhaa nakijua."

Daktari alikichoma sindano, na kikaacha kukua, lakini hakikuondoka. Tuliporudi nyumbani, mama akaenda moja kwa moja chumbani. Nilimwona akifungua sanduku lake, akatoa kitambaa chake cha zamani, akakikunja, akakirudisha, akakitoa tena. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya upasuaji. Asubuhi akaniambia, "Nipeleke Mtinko. Na kitana chako kibebe."

Tulimkuta mama mdogo uani. Hakutukaribisha kwanza, alikuja moja kwa moja, akaondoa kanga kichwani mwa dada yake, akapapasa la kulia, akapapasa la kushoto, akakipata kile kipunje.

"Nilikwambia," alisema, lakini hakulisema kwa ushindi.

Mama akatoa kichupa kifukoni. Wakaenda wawili hao nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mama yao, mama mdogo na jembe, mama na kichupa chake, na mimi nikiwafuata kwa mbali bila kujua kama naruhusiwa. Walichimba shimo dogo pembeni. Mama alitoa vile vipande, vimekauka na kusinyaa ndani ya shashi, akaviweka. Akaongea na mama yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayerudisha chungu alichoazima. Akamwambia ahsante, kwamba aliitunza kazi yake mpaka ikamchosha, na sasa anamrudishia.

Mama mdogo akafukia. Kisha akauliza kile ambacho na mimi nilikuwa nimekimeza tangu jana: "Na hicho cha kushoto? Si amekataa?"

Mama akafikiri. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu nyuzi zitolewe.

"Angekataa angekataa yote mawili. Moja ameniachia, moja amebakisha mkono. Wewe umesahau? Ukimwomba mama nyama vipande viwili, alikuwa anakupa kimoja na nusu."

Mama mdogo akaketi chini palepale na kucheka mpaka akashika mbavu. Walikuwa wasichana wawili, nawaambia.

Mama akavuta kigoda uani, akakaa katikati ya miguu yangu, kanga mabegani, kichwa wazi, mchana kweupe, na watu wanapita njiani wakiamkia. Nikachukua kitana. Nikamsuka twende kilioni, mistari minene, bila kuvuta, mkono mwepesi nisioujua kuwa ninao. Mstari wa mwisho ulipokaribia sikio la kushoto niliuelekeza chini kidogo ili ukifiche kile kipunje. Mama akaushika mkono wangu.

"Hapo usifunike," alisema. "Hapo ndipo ameshika."