Kibanda cha Mkunga Nistarini

Shemeji zangu waliponitoa nyumbani, mjane wa miezi miwili, kila mlango kijijini ulikuwa na sababu zake za kunikataa. Mmoja tu haukuwa nazo: wa Nistarini mkunga, nyuma ya nyumba kubwa ya ukoo wa mwandishi mmoja maarufu wa riwaya. Alisogeza mkeka akasema, "Lala huku, hakuvuji." Kulikuwa kunavuja. Ni miaka kumi na tisa sasa, na shemeji hata mmoja hajaja kuuliza kama naishi.

Kibanda ni cha udongo. Kila mwaka mvua zikiisha, Nistarini hukanda udongo wa mto na kinyesi cha ng'ombe, akasiriba kuta kwa viganja, huku akinisimanga kwamba napaka kama ninayembembeleza mgonjwa. Nusu ya kijiji imepita mikononi mwake. Mwanamume akijitia ukubwa njiani, humwambia, "Taratibu, baba. Wewe ulitanguliza matako."

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya sherehe ya kuzaliwa kwa mwandishi, Bhabatosh, katibu wa kamati ya sherehe, alikuja na mafundi wawili na kamba ya kupimia. Kibanda kivunjwe, vijengwe vyoo vya wageni.

"Utapata kitanda kwenye nyumba ya wazee, shangazi. Ng'ambo tu hapo."

"Na huko kwa wazee nitamzalisha nani?"

Bhabatosh hakucheka. Fundi mmoja akaanza kupima. Mimi nimeshapimiwa pa kukaa na wanaume vya kutosha, sikuweza kunyamaza. Nikamwuliza Bhabatosh kile kibao alichokigongomelea kwenye chumba cha matofali cha nyumba kubwa kinasema nini, maana sijui kusoma.

"Kwamba mwandishi alizaliwa humo."

"Humo walimoweka miungu ya ukoo? Nani angeruhusiwa kuzalia humo? Wewe mama yako alikuzalia wapi?"

Mafundi wakatazamana, wakaanza kucheka. Kila mtu wa umri wao alizaliwa nje, kwenye kibanda cha uzazi, mama akitengwa siku ishirini na moja kwa kuhesabiwa najisi. Na nyumba ile haikuwahi kuwa na kibanda kingine ila hiki. Bibi yake Nistarini ndiye aliyekata kitovu cha mwandishi, hapa hapa tunapopikia dengu.

Nistarini akanifinya mkono. "Mdomo wako huo. Sasa watatia kufuli. Tutalala wapi?"

Mawazo yangu hayakuwa yamefika huko. Bhabatosh alikuwa ameshaingia, anagusa kuta kwa heshima, anasema kibao kihamishwe huku, mlango ufungwe, wageni wachungulie dirishani.

Nistarini akaketi kizingitini, akamzibia njia ya kutokea.

"Ufungwe? Kibanda cha uzazi kiachwe bila mwanamke na bila moto, mikosi iingie? Nenda kamwulize mama yako, kisha uje unifungie."

Akampisha. Siku ile hatukupika; tulikaa tu tunaangalia njia. Asubuhi Bhabatosh alirudi peke yake.

"Mama anasema mkae," akasema, akitazama chini. "Moto usizimike. Na amenigombeza kwa kuingia na viatu."

Kibao sasa kiko ukutani kwetu. Wageni wakija, Nistarini huwapa chai, kisha huwasimulia uzazi ule ulivyokwenda, maumivu kwa maumivu, mpaka wanaume watoke wenyewe wakasubiri mtoni.