Mshona majina wa Kewaska na alama aliyoshindwa kuitoa

Theluji imefika kwenye vitasa vya milango ya uwanja. Arlene Dombeck anaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupitishia taulo. Ni saa moja na nusu asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Januari. Anavua glavu, anawasha hita ndogo iliyo chini ya meza, anafanya ishara ya msalaba, kisha anashika kisu chake kidogo cha kufumulia mishono.

Mbele yake kuna mashati kumi na moja. Kila moja lina jina la mchezaji aliyeondoka Wakata Barafu, timu ya besiboli ya mji huu. Anakata uzi, anabandua herufi moja moja, anaziweka kwenye bati la biskuti. Ikifika adhuhuri, mashati hayo hayatakuwa na wenyewe.

Shati la kumi na mbili limetundikwa kwenye msumari. Mgongoni limeandikwa AZUAJE. Hilo Arlene haligusi.

"Bado," anasema. "Daktari wa Rockmere hajatia sahihi."

Katika kazi yake, mchezaji aliyebadilishwa kwa wa timu nyingine hajaondoka mpaka daktari wa timu inayompokea, safari hii Rockmere, ampime na kumkubali. Arlene alijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wake wa tano alisikia redioni kwamba mchezaji mmoja ameuzwa, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshafumua jina lake. Jioni biashara ikavunjika kwa sababu ya bega.

"Alirudi, akakuta shati lake liko uchi," anasema, akifunika mdomo kwa kicheko. "Hakunisalimia mpaka Juni. Mke wake ndiye aliyenisamehe kwanza."

Arlene ana miaka sitini na mitatu, ni mjane, na hii ni misimu ishirini na miwili tangu aanze kuishonea timu. Hulipwa dola kumi na saba kwa saa. Wakati wa baridi hupewa saa kumi tu kwa wiki, kwa hiyo hujazia kwa kupunguza na kuongeza magauni ya harusi.

Chumba chake cha juu hukaa mchezaji. Familia nyingi za Kewaska hufanya hivyo, maana mchezaji wa ligi hii ndogo hupata kama dola elfu moja na mia tano kwa mwezi, tena msimu ukiwepo tu. Kwa miaka yote amewapokea kumi na wanne. Aliyekaa zaidi ni Wilfredo Azuaje wa Venezuela, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila mpira unaorushwa. Huu ni mwaka wake wa tatu katika nyumba hiyo. Baridi ikiingia hufanya kazi kiwanda cha jibini, na humwita Arlene "Mama".

Lakini mjini hapa Arlene hajulikani kwa sindano. Anajulikana kwa alama.

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, watu karibu mia tatu hukusanyika ukumbi wa parokia kula samaki wa kukaanga. Sahani zikishaondolewa, Arlene husimama na daftari na kumpa meneja mkuu wa timu alama juu ya kumi kwa kila mchezaji aliyemleta na kila aliyemwacha aende. Desturi ilianzishwa na marehemu mumewe, Vern, aliyekuwa akiandika kwenye karatasi ya kufutia mikono.

"Mwaka aliofariki nilisimama kuisoma karatasi yake ili watu wasione ninalia," anasema. "Mwaka uliofuata wakaniuliza, Arlene, karatasi iko wapi?"

Si mchezo mtupu. Wiki inayofuata ndiyo watu hununua tiketi za msimu mzima, na familia sita zinazoimiliki timu hutazama tiketi hizo zinapoamua kama meneja abaki. Mkataba wa Russ Tollefson, meneja kwa miaka minane, ulikuwa unaisha mwaka huu.

"Arlene akinipa nne, mimi natafuta kazi," Russ alimwambia mwandishi huyu. Alicheka, lakini macho hayakucheka.

Kipimo cha Arlene ni chepesi kueleza. "Watu humpa mtu alama kwa ukubwa wa jina alilolileta. Mimi nauliza, alikuwa na pengo gani, na ameliziba kwa kitu gani alichokuwa nacho?" Russ ana fungu dogo kuliko mameneja wote wa ligi. Aliwahi kumtoa mchezaji akapewa mashine kuukuu ya kurushia mipira mazoezini. Mji mzima ulicheka. Arlene alimpa nane.

"Mashine ile ina miaka sita hapa," anasema. "Haijaumwa kiwiko hata siku moja."

Usajili wa safari hii ulikuwa na kila aina. Pete Hruska, mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, wa mkono wa kushoto mwenye miaka thelathini na saba, ambaye kazi yake nyingine ni kuezeka mapaa, aliandikiwa saba. Ndugu wawili kutoka Iowa waliandikiwa tano: "Wanakimbia vizuri, ila wote wawili wanataka kusimama upande mmoja."

Kisha kulikuwa na jambo la Januari ishirini. Siku hiyo Russ alimtoa Wilfredo Azuaje, aliyepiga mipira kumi na tisa nje ya uzio msimu uliopita, akampeleka Rockmere, mji wa jirani, mahasimu wa tangu enzi za babu. Yeye akapewa Cody Brandvold, mrushaji wa miaka ishirini na minne.

Kinyozi mmoja alifunga duka saa sita mchana kwa hasira.

"Amewapa Rockmere!" alifoka. "Heri angempa Shetani!"

"Shetani si ndiye kocha wao?" akajibu mzee aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa kikiwa hakijanyolewa. "Na mimi nakwenda wapi hivi? Nimalizie kwanza, bwana, ndipo ukasirike!"

Kila mtu alisubiri Ijumaa ifike, Arlene amtandike Russ sifuri.

Ila Arlene alikuwa na jambo moyoni. Tangu Agosti, kwenye friza yake, mahali pa njegere, palikuwa na mifuko minne ya barafu. Wilfredo alikuwa akishuka ngazi za nyumba upande upande, mkono ukutani. Goti la kulia lilikuwa linavimba kila baada ya mechi.

"Mama, usimwambie mtu," alimwomba. "Ni uchovu tu huu."

Hakumwambia mtu.

Kwa hiyo biashara ambayo mji uliiona ya kipumbavu ilikuwa, kwa hesabu kavu, bora kuliko zote alizowahi kufanya Russ. Alitoa goti lililokwisha, akapata mkono mzima. Arlene akimpa kumi, watu watauliza kwa nini, na daktari wa Rockmere ataling'ang'ania goti lile. Akimpa sifuri, atamwangusha mtu kazini kwa kosa ambalo si kosa.

"Au ni kosa kubwa kuliko wanavyodhani," anasema. "Hapo ndipo nilipokwama. Nilisali rozari siku tisa. Sikusikia sauti yoyote. Nilichokiona ni kwamba kuna swali moja naogopa kumuuliza Russ."

Siku ya kumi alipanda ofisini kwake.

"Russ, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Usinizungushe. Suruali yako ya harusi nimeishona mimi."

Russ aliinuka, akafunga mlango. "Agosti nilimwona akishuka basi ubavu ubavu, kama kaa. Sikumuuliza. Nilijiambia, nikiuliza nitajua, na nikijua itabidi niwaambie wanaomtaka."

"Kwa hiyo uliamua usijue."

"Na wewe, Arlene?" akauliza taratibu. "Barafu alikuwa anaipata wapi?"

Arlene anasema alishuka ngazi bila kuaga. "Nilikwenda kumpima mtu, nikapimwa mimi."

Jumapili iliyotangulia Kwaresima, baada ya misa, alizungumza na Wilfredo jikoni. Kijana alikuwa akigeuza arepa, mikate ya mahindi ya kwao, kwenye kikaango.

"Nenda ukawaambie Rockmere kabla daktari hajakupima," Arlene alisema.

"Nikisema, nani atanichukua? Nina miaka ishirini na saba, Mama. Binti yangu kule Barquisimeto anajua baba yake ni mdakaji. Hajui kingine."

"Na wakikuchuchumalisha mechi arobaini na goti hilo? Siku akija kukukimbilia uwanja wa ndege, utamdaka kwa magoti gani?"

Arepa iliungua. Wala hakuna aliyeigeuza.

"Utawaambia wewe?" Wilfredo aliuliza.

"Hapana. Goti ni lako. Lakini siwezi kusoma uongo mbele ya watu waliotoka kupakwa majivu juzi yake."

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi kwenye korido. Wilfredo mwenyewe alikuwa amefunga aproni, akigawa saladi ya kabichi, na kila aliyepita alimpiga bega kama aliyefiwa. Russ alikaa meza ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea.

Arlene alisoma. Hruska, saba. Makofi. Ndugu wa Iowa, tano. Kicheko. Kisha akavaa miwani upya.

"Azuaje kwa Brandvold," alisema. "Hapa sitoi alama."

Ukumbi ukalipuka.

"Unatania!"

"Arlene, Russ amekuongezea samaki wangapi?"

"Vern angempa sifuri na kumrushia sahani!"

"Vern hakuwa analala naye nyumba moja huyu kijana," Arlene alijibu. "Mimi ni kama mama yake. Mama hawezi kuwa mwamuzi. Mkitaka kukasirika, nikasirikieni mimi."

Walikasirika kweli. Mama mmoja aliyekuwa akikaa naye benchi moja kanisani kwa miaka thelathini alichukua koti lake akaondoka bila keki. Arlene aliketi, akafunga daftari.

Wilfredo ndiye aliyeendesha gari kurudi nyumbani. Walipofika alizima injini, akamgeukia Arlene.

"Kwa nini hukusema sifuri, yaishe? Wangekubeba juu juu."

"Sifuri ingekuwa ya Russ, na siyo yake. Si yake peke yake."

Jumatatu asubuhi Wilfredo hakwenda kiwandani. Alipanda ofisini kwa Russ, ngazi ishirini na sita, upande upande. Alipofika juu alisema tu, "Piga simu Rockmere. Nitaongea mwenyewe." Russ anakiri kwamba aliiangalia simu kwa muda mrefu, akimfikiria Brandvold, mrushaji wa aina ambayo timu yake imeingoja miaka mitano. Kisha akapiga.

Rockmere walisikiliza, wakashukuru, wakavunja biashara. Brandvold alirudi kwao. Wilfredo alifanyiwa upasuaji wiki ya kwanza ya Machi, na sehemu kubwa ya gharama imelipwa na bima. Hatacheza mwaka huu. Huenda asidake tena. Alipompigia simu binti yake kumweleza, mtoto aliuliza swali moja: je, mguu ukipona utaweza kucheza densi?

Mji umegawanyika. Wapo wanaomwita Russ mjinga aliyekuwa na mrushaji mkononi akamwachia. Wapo waliokuja nyumbani kwa Arlene na mikate, bila maneno mengi. Tiketi zimeuzwa chache kuliko mwaka jana, pungufu kama mia mbili. Wamiliki wamempa Russ msimu mmoja tu, na timu haina mdakaji.

Jumapili moja baada ya upasuaji, waumini walikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi, kwa mwandiko wa Arlene. Ilikuwa na mistari miwili:

Russ Tollefson: aliona, akanyamaza, mwishowe akapiga simu. Sita.

Arlene Dombeck: aliona mapema zaidi, akanyamaza, akatia barafu. Nne.

Russ alisimama mbele ya karatasi ile huku kofia ikiwa mkononi.

"Sita?" alimuuliza Arlene alipotoka kanisani. "Baada ya yote hayo?"

"Hatuna mdakaji, Russ."

Alicheka mpaka akainamia magoti, na Arlene anasema ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari kusikia kicheko chake chote.

Sasa ni mwisho wa Machi na barafu ya ziwani imeanza kupasuka. Wilfredo hutembea kwa magongo mawili. Russ amemwomba awafundishe wadakaji wapya msimu huu, kwa dola elfu moja na mia mbili kwa mwezi, na bado hajajibu. Arlene hamsukumi.

Alhamisi anakuja mdakaji kutoka Nebraska, wa miaka ishirini na miwili, ambaye Russ alimpata baada ya timu nyingine mbili kumkataa. Hakuna anayemfahamu mjini hapa. Atafikia chumba cha chini nyumbani kwa Arlene, kwa kuwa Wilfredo bado hajahama kile cha juu.

Kila mchezaji mpya hupita kwanza mezani kwa Arlene ili apimwe mabega, apewe shati. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akiwauliza swali moja tu, jina lako linaandikwaje. Mwaka huu amepanga kuongeza la pili.

"Nitamuuliza anaumwa wapi," anasema, akivuta utepe wa kupimia. "Nitamuuliza kabla sijamzoea, kabla sijaanza kumpikia, wakati bado naweza kusikia jibu."

Na akisema haumwi popote?

Arlene anauviringisha utepe polepole kwenye vidole.

"Nitamwambia apande ngazi za ofisini kwa Russ," anasema. "Nami nitapanda nyuma yake, nikimtazama."