Injini ya Pikapu kwenye Gari la Bwana Mpima

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Ilikuwa karakana ya shamba la kahawa upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru, na mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa niliyeajiriwa kufagia vumbi la chuma. Foreman, yaani msimamizi wetu, mzee wa Kimeru mwenye sauti ndogo, alikuwa ameinua injini ya trekta kwa winchi, ile ya mnyororo inayofungwa kwenye boriti. Nikapita chini yake na ufagio wangu. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanisogeza pembeni, kisha akavua buti la mguu wa kushoto. Vidole vilikuwa viwili tu.

"Mnyororo wa siku ile ulikuwa mpya," akasema. "Usiniogope mimi, binti. Ogopa hiyo."

Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi, na woga ule sikuuacha kwa miaka thelathini na minane. Ninyi mnaoanza leo mnajifunza kwa simu, na si vibaya, lakini simu haiwaonyeshi mguu wa mtu.

Foreman ndiye aliyenifundisha kuchomelea. Alinieleza kwamba mstari wa kuchomelea unaweza kung'aa juu ilhali ndani vyuma viwili havijashikana hata kidogo. Kila kazi yangu aliipiga nyundo mara tatu. Ikivunjika alinirudishia vipande bila neno, na mimi nikaanza upya. Shamba lilipouzwa nikahamia mjini Arusha kwenye gereji ya magari ya watalii, miaka tisa, na mwisho Kaloleni, kwa bwana mmoja tuliyemwita Meneja, ingawa gereji ilikuwa yake na mafundi tulikuwa watano tu.

Kwa Meneja kazi yangu ilikuwa maunti, yaani vishikio vya chuma na raba vinavyoibeba injini ndani ya gari. Tulikuwa na sifa ya kubadilisha injini. Watu hudhani ni kutoa hii na kuweka ile. Sivyo. Gari limejengwa kuizunguka injini yake. Ukileta ngeni, karai la oili linagonga ekseli, feni inakula radieta, shafti inabidi ikatwe, na bomba la moshi linatokea upande ambao hakuna aliyeutarajia. Ukisogeza kimoja umesogeza na jirani yake.

Mteja ninayetaka kuwasimulia alikuwa mpima ardhi mstaafu wa Kikatiti, tukimwita Bwana Mpima. Alikuja na gari dogo la michezo, la viti viwili, boneti ndefu, rangi ya kijani iliyobabuka. Alilinunua ujanani kwa mkulima wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Siku ya harusi yake ndilo lililowabeba yeye na mkewe kutoka kanisani. Injini yake ilikuwa imepasuka zamani, na vipuri havikupatikana popote. Sasa walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na alitaka Jumapili ya shukrani wafike kanisani kwa gari lile lile.

"Mkono wangu umeanza kutetemeka," alimwambia Meneja. "Mwakani watoto hawataniruhusu kuendesha hata baiskeli."

Meneja akamwahidi. Tukaweka injini ya pikapu, kubwa mara mbili ya ile ya zamani. Maunti nilizitengeneza mimi, nikazipiga nyundo mara tatu kila moja, zikashika. Lakini tulipofunga mabomba niliona jambo. Injini ile ilitolea moshi upande wa kulia, na upande huo huo ndiko ilikokaa masta silinda, kile kichupa na pampu ya mafuta ya breki. Kati ya bomba la moshi na bomba la breki niliweza kuingiza vidole viwili, basi.

Nilimwita Meneja. Akainama akatazama.

"Mama Anna, wewe kazi yako ni chuma," akasema. "Breki ina wenyewe."

"Pakipata moto pale, bosi?"

"Tumefanya ngapi? Iliungua ipi?"

Nikarudi kwenye maunti zangu. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, na nilishaambiwa zaidi ya mara moja kwamba naogopa kwa sababu ni mwanamke.

Ijumaa alasiri tulikwenda kulijaribu. Meneja aliendesha, mimi nikakaa kushoto nisikilize maunti. Tukapanda barabara ya Ilboru. Injini ilivuta vizuri kabisa, Meneja akatabasamu kama mtoto. Joto lilikuwa linapanda miguuni kwetu, nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Juu kule tukageuza.

Katikati ya mteremko alikanyaga breki. Niliuona mguu wake ukienda mpaka chini, bila kuzuiwa na kitu, kama anakanyaga maji. Akapampu. Hakuna. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka ndani ya bomba, na mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hausukumi kitu.

Mbele yetu akina mama watatu walikuwa wanashuka na ndizi vichwani, wakitupa mgongo. Meneja alirudisha gia kwa nguvu, giaboksi ikalia, akavuta hendibreki, mkia wa gari ukayumba. Mimi nilishika dashibodi na nikawatazama wale akina mama, yule wa mwisho alikuwa na kandambili za bluu, nikawaza kwamba chuma kinachokwenda kumgonga nimekichomelea mimi. Tuliwapita kwa nafasi ya mkono mmoja. Kisha Meneja akaliingiza gari kwenye ua wa miti pembeni, likakwama, likazima.

Baada ya muda Meneja akakanyaga tena pedali. Ilikuwa imerudi, ngumu, nzima.

"Umeona?" akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Ni hewa tu iliingia. Nitaitoa."

"Bosi, imerudi kwa sababu imepoa."

"Ni hewa, Mama Anna."

Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipoanza. Breki iliyokufa kabisa ni afadhali, kila mtu anaiona. Hii, kesho asubuhi ikiwa baridi, ingemdanganya Bwana Mpima uani, ingemdanganya mjini, na ingemtupa njiani na mkewe pembeni yake.

Jumamosi niliingia kazini mlinzi akiwa bado anakunywa uji. Nilichukua spana, nikalifungua lile bomba la breki nikalitoa lote. Nati iliniponyoka mara mbili. Niliogopa kufukuzwa. Niliogopa pia kwamba huenda Meneja ndiye anayesema kweli, na mimi nimevunja ahadi ya watu wazee kwa woga wangu tu.

Walikuja kuchukua gari saa nne, Bwana Mpima amevaa suti, mkewe ameshika mkoba mweupe. Niliwaamkia, shikamoo mzee, shikamoo mama, kisha nikanyoosha mkono wenye lile bomba.

"Gari halina breki," nikasema. "Nimezitoa mimi."

Meneja aligeuka akanitazama kwa namna ambayo hadi leo naikumbuka. Bwana Mpima alikasirika. Alisema kanisa limeshatangaziwa, wageni wametoka Terrat na Moshi, je, nani amenipa ruhusa. Nikamweleza ya jana Ilboru, habari za moto na mvuke. Meneja akasema ni hewa, atalirudisha bomba kwa nusu saa.

Mkewe ndiye aliyeniuliza, kwa upole. "Jana ulikuwa ndani ya gari, mwanangu?"

"Nilikuwa ndani, mama."

"Uliogopa?"

Mafundi wote walikuwa wanasikiliza. "Nilijikojolea, mama," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Yule mama alimgeukia mumewe, akamwekea suti vizuri begani. "Tutakwenda na teksi," akamwambia. "Hata punda angetufikisha."

Meneja hakunifukuza. Hakunisemesha pia, kwa wiki saba. Katika wiki hizo tulishusha bomba la moshi, tukahamisha masta silinda, tukaweka kinga ya bati, na breki za mbele tukafunga za pikapu. Kisha Meneja akalipeleka Ilboru peke yake. Alipanda na kushuka mara tatu. Aliporudi alikwenda kunawa mikono muda mrefu, halafu akaja nilipokuwa.

"Ijumaa ile na mimi niliogopa," akasema. "Ndiyo maana nikasema ni hewa."

Bwana Mpima aliliendesha gari lake mwaka mmoja na miezi kadhaa, taratibu, mkewe pembeni, hadi watoto walipochukua ufunguo. Wote wawili wameshatangulia, kitandani mwao, si barabarani.

Mimi niliacha kazi macho yalipokataa. Mwanga wa kuchomelea unakula jicho polepole. Sasa nafuga kuku, na vijana wa gereji hunipigia kuuliza mambo, nami huwaambia wasione haya kuogopa, lakini wawe wepesi kusema. Hayo ndiyo ninayoweza kuwapa.

Jambo moja sijalipatia dawa. Magari niliyoyachomelea bado yanatembea kati ya Arusha na Moshi, na siwezi tena kuyapiga nyundo. Jirani akija kuniambia kumetokea ajali barabarani, mtu mwema angeuliza ni nani ameumia. Mimi huuliza kwanza ni gari gani. Nikishajibiwa, ndipo nasema pole.