Beringi Inayoimba

Wanaume wa Mbarara wana namna yao ya kuchagua beringi za gurudumu, na nitaidharau mpaka naingia kaburini. Wanaitoa beringi kwenye karatasi yake, wanaiosha kwa petroli mpaka grisi yote inatoka, wanaivisha kwenye kidole, wanaisukuma izunguke, halafu wanaisogeza sikioni na kufumba macho. Inayozunguka muda mrefu ndiyo nzuri. Ikitoa kisauti chembamba, wanasema inaimba. Nimewaona watu wazima wenye wajukuu wamejipanga mbele ya kaunta yangu ya spea pale Kakoba, kila mmoja na chuma sikioni, wametulia kuliko wanavyotulia kanisani. Wakiondoka, anayepangusa petroli yao ni mimi.

Beringi yoyote ukiitoa grisi itazunguka, hata ile iliyooza. Debe tupu haliachi kuvuma. Beringi mpya yenye grisi yake ni nzito mkononi. Unaisukuma, inajivuta kidogo, inasimama, kwa sababu mafuta yamo ndani na raba za pembeni zimebana vumbi lisipite. Haya alinifundisha baba, aliyekuwa fundi wa malori Uvira, Kongo, kabla hatujakimbilia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Baba hakuwa na subira na mtu wa kusikiliza chuma. Alisema chuma kinashikwa: unaikandamiza beringi, unaizungusha polepole kwa kidole gumba, na kidole kitakuambia ukweli. Nilirithi koleo lake na hasira zake, na vyote viwili bado navitumia.

Sasa, katika hao wasikilizaji alikuwepo mmoja aliyewazidi wote, nami nitamwita bosi maana ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuwa na nyumba juu kule Kamukuzi, na gari la mbio lililochorwa moto ubavuni. Kofia ya mashindano aliivaa hata akienda kununua maziwa. Mbio zenyewe alikuwa hajawahi kuzimaliza. Kila mara gari lilimfia njiani, na kila mara kosa lilikuwa la fundi, la mvua, au la ng'ombe wa watu.

Ningemcheka tu na kuuza vitu vyangu, ila kwenye kiti cha kando ya huyo mtu alikaa mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama. Kazi yake ilikuwa kusoma kona kwenye karatasi na kumpigia kelele dereva: kushoto kali, kulia, punguza. Bosi alimchukua kwa sababu ni mwepesi wa mwili na mwepesi wa ulimi. Alimpa kofia ngumu na koti lenye zipu, basi mdogo wangu akaona amefika. Nakivale kijana aliyemaliza shule anakaa na kungoja, na huyu alikuwa amechoka kungoja. Hilo nililielewa, lakini kuelewa hakukunipunguzia uchungu.

Walikuja dukani wote wawili kabla ya mazoezi ya mbio, yaliyopangwa kwenye njia ya Nakivale. Bosi alitaka beringi za magurudumu ya mbele. Nikamwekea za aina mbili kwenye kaunta. Ya kwanza ni ya gololi, ile ya kawaida, nyepesi, inayofaa mtu anayekwenda kazini na kurudi. Ya pili ndani yake haina gololi, ina vijiti vifupi vya chuma, vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, vimelala kwa mshazari. Hiyo ndiyo inayovumilia gari likitupwa kwenye kona na likidondokea shimo, kwa sababu kijiti kinakalia chuma kwa urefu wake wote, na gololi inakalia nukta tu. Inataka fundi mwenye mkono wa kukaza nati, asiikaze mno wala asiilegeze, na inataka grisi ngumu isiyoyeyuka breki zikichemka. Ila inazunguka kwa uzito.

Bosi aliivisha kidoleni, akaisukuma. Ikajivuta kidogo, ikasimama.

"Hii ya lori," alisema. "Mimi sibebi matoke, nyabo." Nyabo ni mama, kwa lugha yao.

"Njia ya Nakivale haiulizi umebeba nini," nikamwambia. "Mashimo ni yaleyale."

Akacheka, akatoa mfukoni kifurushi chake mwenyewe. Rafiki yake alimletea kutoka Dubai: beringi zenye gololi za kauri, nyeupe kama meno. Aliiosha moja palepale kwenye kopo langu, akaidondoshea mafuta ya cherehani, akaisukuma. Ilizunguka, ikazunguka, mpaka wateja wengine wakaacha shughuli zao. Akampa mdogo wangu aisikilize.

"Yaya, sikia," mdogo wangu aliniambia, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya, macho yameng'aa. "Iko inaimba muzuri sana."

Nilimweleza bosi, kwa adabu kubwa kuliko aliyostahili, kwamba kauri ni kitu kizuri mahali pake. Kwenye lami laini, kwenye uwanja wa mbio wa matajiri, inapoa upesi na inakimbia. Lakini ni ngumu kuliko chuma kinachoizunguka. Ukiipiga kwenye shimo haivunjiki yenyewe, inachimba kikombe inamokaa, na kila shimo la njia linaacha kishimo kingine ndani. Tena ameiosha grisi na kuipaka mafuta ya cherehani ili izunguke vizuri. Nikamwambia hiyo si beringi, ni pambo.

"Nyabo, wewe uza," alisema. "Mambo ya mbio ni ya wanaume."

Nilimfuata mdogo wangu mlangoni. Nikamwambia asipande gari lile likiwa na vile vyuma, asubiri wafunge nyingine, awe mgonjwa, aseme lolote. Alinitazama kwa huruma, mimi niliyembeba mgongoni siku tunavuka mpaka.

"Yaya, weye unaogopa mingi. Patroni anajua kazi." Patroni ndiye bosi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilirudi ndani nikapangusa petroli.

Jumamosi ya mazoezi nilikuwa kwa mama, Nakivale. Niliwaambia watu nimekwenda kumsaidia kuvuna mahindi, na shambani sikufika. Nilikaa kando ya njia na jirani yetu, Mrundi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa ameanika maharage yake kwenye turubai. Rozari ilikuwa shingoni, na mkono haukuacha kuchambua. Watu walikuwa wametoka kutazama gari. Lilipita mara ya kwanza na vumbi lake, watoto wakashangilia. Mimi sikuliona, nilikuwa nimeinamisha kichwa nasikiliza. Gurudumu la mbele, upande wa mdogo wangu, lilikuwa linanguruma, ngurumo nzito inayopanda gari likikaza mwendo na kushuka likipunguza. Beringi ikifika hapo haina tena wimbo. Inaomba msamaha.

Nilisimama katikati ya njia kuwasubiri warudi. Nilivua kitenge nikakipunga. Bosi aliniona, najua aliniona, kwa sababu alipiga honi na kunipungia mkono. Mdogo wangu naye alinipungia, karatasi yake ya kona mkononi. Nikaruka pembeni. Walipofika kwenye kona ya chini, gurudumu liliamua kwenda peke yake.

Lilitangulia mbele ya gari, likapanda ukingo, likateremka na kulala kwenye maharage ya jirani yangu. Gari lilikwenda kwa ubavu, ubavu wa mdogo wangu, mpaka likaukuta mtaro. Nilikimbia huku namtukana bosi kwa lugha zote ninazozijua, na ninazijua kadhaa. Bosi alitoka mwenyewe kupitia dirishani, kofia haijakwaruzika. Mdogo wangu tulimtoa na watu wengine, na mguu wake ulikuwa umekaa vile mguu usivyokaa.

Hospitali ya Mbarara walimfunga plasta mpaka kwenye paja. Kuna msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuusema, kwa sababu mama alikuwa pale analia, na kwa sababu mguu ulikuwa mbele yetu unausema wenyewe. Swali lililobaki lilikuwa moja tu, nami sikuthubutu kuliuliza: akipona, atarudi kwenye kiti kile?

Bosi alikuja na soda na mkate. Nikafikiri, haya, mtu ni mtu, amekuja kuomba radhi. Alikaa kitandani, akavua kofia akaiweka kando, akaingiza mkono mfukoni, akatoa beringi. Ilikuwa ya gurudumu la upande wake, imeoshwa, inang'aa.

"Watu wanasema eti beringi zangu zilikuwa mbaya," alisema. "Hii ni ndugu ya ile. Sikia mwenyewe."

Akaisukuma. Ikazunguka pale juu ya kitanda cha mgonjwa. Mdogo wangu alinyoosha kidole akaivaa, akaisogeza sikioni, na nikaliona lile tabasamu la kijinga linarudi. Nilimchukia bosi, lakini wakati ule nilimdharau mdogo wangu zaidi, nakiri hivyo, damu yangu mwenyewe.

"Bado inaimba, yaya," alisema.

Nilimshika mkono, nikaibana beringi kati ya vidole vyake, nikakiweka kidole chake gumba ndani. "Kandamiza," nikamwambia. "Sasa polepole."

Akazungusha. Nilijua anachokigusa: kishimo, kishimo, kishimo, kama kupitisha kidole kwenye gunzi la hindi. Tabasamu likaondoka. Akazungusha tena, polepole zaidi, akimwangalia bosi.

"Patroni," alisema, "humu ndani kuna mashimo."

"Mashimo gani? Wewe zungusha haraka," bosi alimwambia. "Ukizungusha haraka hausikii kitu."

Mdogo wangu aliivua beringi, akamrudishia. "Tafuteni mutu mwingine wa ile fasi," akasema. "Mimi sikai tena pale."

Bosi hakukasirika. Aliifuta beringi kwa shuka letu, akaisukuma mara moja tena karibu na sikio lake, akaridhika, akaitia mfukoni.

"Hakuna shida," alisema akisimama. "Nakivale wako wengi."

Alisahau kofia yake pale kitandani. Mama aliichukua, akaigeuza juu chini, akaweka mkate ndani.